Vifuniko vya Zambarau

Roboti zetu hazionekani kwa macho, na waliozoea roboti za kiwandani hucheka wakiambiwa. Ni uzi wa DNA tu, uliokunjwa mara nyingi hadi ukawa bapa, kisha bapa likaviringishwa kama mkeka na kufungwa kwa kufuli mbili. Ndani kuna dawa. Kufuli hazifunguki mpaka ziguse uvimbe wa saratani. Nimekuwa nikizitengeneza hapa Suzhou miaka mingi, mimi fundi wa maabara, na wanafunzi wote huniita Dada Pei, hata wale ambao ningeweza kuwazaa.

Luo Qinghe alikuwa mwaka wa saba wa shahada ya uzamivu, na chuo hakikumruhusu wa nane. Kazi yake ilikuwa kuzidunga roboti kwenye mshipa wa panya, kusubiri nusu saa, kutoa damu na kutazama kama bado ni nzima. Mara tatu alikuta nyuzi zimetawanyika ovyo. Profesa Gu akatangaza kwamba mradi utafungwa Jumatatu, kwenye kikao cha maabara. Ukifungwa, Qinghe angerudi kwao Gansu mikono mitupu.

Ijumaa nilikuwa nikipanga vichupa vya damu nilipoona kitu ambacho ningepaswa kukiona miezi mingi nyuma. Vifuniko vyote vilikuwa vya zambarau. Vichupa hivyo vina dawa ya kuzuia damu isigande, nayo hufanya hivyo kwa kunyakua madini. Roboti zetu zinashikiliwa na madini ya magnesiamu, ukiyanyakua, zinafumuka. Kumbe ndani ya panya zilikuwa nzima. Sisi ndio tuliokuwa tukiziua, kwenye chupa.

Nikamwita Qinghe nikamweleza.

"Dada Pei, si Mwalimu Gu mwenyewe ndiye aliyeagiza zambarau?"

Ndiyo, ni yeye. Aliwahi kusimama kikaoni akasema amechoka na vifuniko vya marangirangi kama duka la pipi, maabara nzima itumie aina moja, nasi sote tukaandika kwenye madaftari.

"Basi mwambie," nikasema.

"Mbele ya watu? Bora nikauze tambi."

"Tambi zenyewe hujui kupika. Mfuate ofisini."

Lakini Profesa alikuwa safarini, angefika Jumatatu saa ya kikao, na mambo ya namna hii hatuyaandiki kwenye simu, kwa sababu maandishi hubaki.

Jumatatu, wageni wawili wa hospitali wakiwa wameshakaa, nikasimama kabla ya mtu mwingine. Nikasema nina kosa la kukiri: mimi ndiye niliyebadilisha vichupa bila kumuuliza mtu, na ndiyo maana roboti zilionekana zimeharibika. Wenzangu wote walijua ninadanganya. Kila mmoja alitazama kikombe chake cha chai.

Profesa alinitazama kidogo. Kisha akanigombeza dakika kumi nzima, kwa ufasaha, akisema ukongwe kazini si kisingizio cha uzembe. Nilivumilia, maana niliyatarajia. Mwishoni akaamuru jaribio lirudiwe kwa vichupa vya kijani, ambavyo dawa yake hainyakui madini. Likarudiwa, na roboti zikatoka nzima, zimejiviringisha vizuri. Baada ya wiki chache hata uvimbe wa panya ulianza kunywea.

Qinghe alihitimu Juni. Aliniletea tasnifu yake, akanipa kwa mikono miwili bila kunitazama. Alipoondoka nikafungua ukurasa wa shukrani, ambao ndio mimi huanza nao. Alimshukuru Profesa Gu, "ambaye jicho lake kali liligundua kosa la vichupa na kuokoa kazi hii." Chini kabisa, baada ya shukrani kwa panya, nilikuwepo mimi: "Na Dada Pei, ambaye kosa lake sote tulilisamehe."

Iliniuma sana. Kugombezwa nilijitakia mwenyewe. Kusamehewa sikuomba.