Lori la Plastiki Lililoshika Kutu

Asubuhi ukungu ulipoanza kupanda kutoka bondeni, Joram Wambugu alikuwa ameketi kibarazani kwake Boito, beseni la maji ya uvuguvugu mbele yake, akiosha milango ya gari. Milango yenyewe ilikuwa midogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Aliisugua kwa mswaki uliochakaa na sabuni ya kuoshea vyombo, akaisuuza, kisha akaipanga juu ya taulo ili ikauke. Asiyeosha plastiki kabla ya kuipaka rangi huishia kupaka juu ya mafuta ya vidole vyake, na rangi haishiki mafuta. Hilo Joram alilijua kwa kuharibu.

Vigari hivyo vya kuchezea alikuwa akiletewa na binti yake Cate, anayefanya kazi Nakuru. Huja katika maboksi, vipande vipande, vyote vyeupe kama mifupa ya kuku, na karatasi ya kuonyesha kipi kinabandikwa wapi. Mguu wa kulia wa Joram ulikuwa na vyuma ndani tangu ajali, na kiwanda cha chai alikokuwa dereva hakimpi lori la majani mtu mwenye vyuma mguuni, hata angekuwa hana lawama yoyote. Yeye alikuwa na lawama. Basi akawa anashinda kibarazani akiitazama barabara, na mke wake Nyathira akamwambia Cate alete kitu chochote, hata kama ni cha watoto.

Kigari cha kwanza alikipaka rangi nyekundu baada ya chakula cha mchana. Ni kosa ambalo mtu wa Boito hafai kulifanya, kwa sababu mvua ya huko hushuka alasiri na kila mtu anajua, ndiyo maana chai imekubali kumea. Hewa ilijaa maji, rangi ikageuka nyeupe-nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Cha pili akakianika juu ya jiko ili kiwahi kukauka, kikavuta moshi wa kuni, kikatoka na rangi ya sufuria. Cha tatu alikipaka jinsi malori yanavyopakwa kule kiwandani wakaguzi wakikaribia: koti moja zito la rangi juu ya kila kitu, matope yakiwemo. Rangi ikatiririka, ikaziba mistari ya milango, gari likafanana na kipande cha sabuni.

Kwenye simu kulikuwa na mzungu mmoja wa video ambaye maneno yake Joram hakuyaelewa, lakini mikono yake aliielewa. Yule jamaa alipuliza rangi nyepesi, akangoja, akasugua kwa msasa uliolowa, akapuliza tena, akangoja tena. Alikuwa na subira ya kuudhi. Joram alimtukana kwa Kikuyu, akamtukana kwa Kipsigis, halafu akafanya kama yeye, na gari likatoka zuri.

Gari hilo zuri lilikuwa la buluu. Alikuwa ameichanganya rangi ile mpaka ikalingana kabisa na gari la Bilhah mwenye duka la dawa, kwa sababu lilikuwa likipita pale kila siku na lilikuwa rahisi kuigiza. Kesho yake aliamka akakuta gurudumu la nyuma la kigari limekaa chini, limekwisha pumzi. Akadhani ni gundi. Kabla ya jua kupata nguvu Bilhah akapita kwa miguu, spana mkononi, akitafuta mtu wa kumsaidia kutoa gurudumu la nyuma.

"Ni la kushoto?" Joram akamuuliza.

"Ni la kushoto."

"Hata hapa ni la kushoto."

Bilhah alikiangalia kigari, akasema kweli ni la kushoto, akaendelea na safari yake. Ikajulikana hivyo. Kigari ambacho Joram alikipaka vizuri, kwa rangi kamili ya gari fulani la kweli, kilishika maradhi ya gari hilo. Akikipaka vibaya kilibaki mwanasesere. Mchungaji alijua hivyo kwamba rejeta ya gari lake inavuja, na mwenye gari la maziwa akajua kwamba klachi yake haifiki Krismasi. Watu wa Boito ni watu wa kazi. Kitu kikiwafaa hawakiulizi kimetoka wapi, wanauliza tu kitakuwa tayari lini.

Juu ya kabati kulikuwa na boksi moja ambalo Joram hakulifungua. Ndani yake mlikuwa na lori.

Ajali yenyewe ilitokea kwenye mteremko wa kwenda mtoni, lori likiwa limetoka kituo cha majani, magunia yamening'inia kwenye ndoano zake tangu mbele hadi nyuma. Okello, utingo wake, alifia palepale. Ripoti ya kiwanda ikasema Joram alikuwa akiteremka fri, yaani ametoa gia ili kubana mafuta, na kwamba lori lenyewe halikuwa na tatizo. Joram hakukumbuka chochote tangu juu ya mteremko hadi kitanda cha hospitali. Wala hakuweza kuapa kwamba hakuteremka fri, maana dereva gani wa vilima vile hajawahi kuteremka fri hata siku moja? Uongo wa watu angeuvumilia. Kilichomla ni kwamba huenda walikuwa wanasema kweli, na kwamba huenda ni yeye aliyemuua Okello.

Lori lile lilinyooshwa, likachomelewa, likarudi barabarani. Dereva wake sasa ni Kipkurui, kijana wa jirani mwenye mke na mtoto mchanga. Siku moja alipita na kopo la majarini lenye rangi ya kijani ndani.

"Mzee, hii ilibaki. Ni ile yenyewe."

"Ile ya lori?"

"Ile yenyewe. Tumeipaka juzi, watu wa inspekshen wako karibu."

Joram alilipokea kopo, akaliweka juu ya kabati kando ya boksi. Vikakaa hapo pamoja, naye akawa hapiti chumba hicho bila kuinama kidogo, kama vitu hivyo vingemwangukia.

Nyathira alimwacha bila kumuuliza kitu. Akamwacha tena. Halafu siku moja, akichagua maharagwe kwenye ungo, akasema, "Unangoja nini?"

"Mama Cate, na kama ni mimi?"

"Kama ni wewe, tutajua ni wewe." Akatupa kijiwe uani. "Saa hii umebeba kosa, na tena umebeba kutojua kama uko na kosa. Hiyo ni mizigo miwili na mguu ni mmoja."

Joram alilishusha boksi. Alifanya kazi asubuhi tu, ukungu ukishaondoka na kabla mawingu hayajarudi. Aliosha kila kipande. Rangi ya kiwanda ilikuwa nzito kama uji, akailegeza kwa thina hadi ikawa kama maziwa, akaipaka koti baada ya koti, jembamba, akisugua katikati kwa msasa wa maji. Mstari wa rangi ya maziwa ubavuni aliuzuia kwa tepu ya karatasi ili usitoke nje. Namba aliiandika kwa kijiti cha meno, ulimi ukiwa umebanwa kwenye meno.

Kabla ya koti la mwisho mkono wake ulisita. Angeweza kuliharibu. Alijua namna zote za kuharibu, alikuwa mwalimu wa kuharibu: angoje mvua tu, au achovye brashi mara moja zaidi, na lori lingebaki mwanasesere, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alikaa na brashi ile hewani kwa muda. Aliogopa sana. Kisha akaifuta brashi kwenye kitambaa mpaka ikabaki na rangi kidogo tu, akapaka vizuri.

Asubuhi iliyofuata lori lilikuwa na kutu.

Plastiki haishiki kutu. Hii ilishika. Juu lilikuwa bado linang'aa, kijani kibichi kama majani mawili ya chai na kichipukizi chake. Tumboni kulikuwa kahawia. Kutu ilikuwa imekula rangi kutoka ndani, na katikati yake palipita paipu nyembamba kama unywele, ambayo haikuwamo ndani ya boksi wala kwenye karatasi, ikielekea magurudumu ya nyuma. Karibu na ekseli ilikuwa imetoboka. Tone moja lilikuwa limening'inia pale. Joram akaligusa, akanusa kidole. Mafuta ya breki.

Kutu ya aina ile haiji kwa msimu mmoja. Ilikuwapo siku ile ya ajali, na ilikuwapo miaka kabla ya siku ile, chini ya kila koti la kijani. Alipokuwa bado ananusa, mguu wake wenye vyuma ukakumbuka. Pedali ilizama hadi sakafuni kama imekanyaga matope, akaipampu, ikazama tena. Na mkono wa kushoto ulikuwa kwenye gia ya pili, gia imeingia, injini inalia, Okello anamwambia, "Jo, shika, shika."

Joram akalia. Akaona haya kidogo, akaendelea kulia.

Nyathira alienda sokoni kumwita Aoko, mjane wa Okello, ambaye tangu mazishi hakuwa amemsalimu Joram hata wakikutana mlangoni mwa kanisa. Aoko alikuja na beseni lake la omena, dagaa anaowauza, kichwani, akalitua, akaliinua lori na kuligeuza. Alipitisha kidole juu ya paipu.

"Kwa hivyo ni hii."

"Ni hiyo."

"Na ukaniacha nikuchukie muda huo wote."

"Sikuwa najua, shemeji. Mimi pia nilikuwa najichukia."

Aoko akaketi. Nyathira alimmiminia chai, akainywa yote, kisha akasema chumvi ya omena leo imezidi, na wote watatu wakaongea juu ya omena kwa sababu hilo jingine lilikuwa kubwa.

Habari ilifika kiwandani kama habari zote zinavyofika. Bwana Mageto, msimamizi wa magari, akaja mwenyewe, kwa heshima, akavua kofia mlangoni. Alikuwa mtu mpole na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Akavaa miwani, akaliinamia lori.

"Naona," akasema.

"Ni hii paipu."

"Naona, Joram. Imeoza kabisa." Akaligusa tone, akanusa, akajifuta kwa leso. "Ni mafuta ya breki."

"Basi Kipkurui anaendesha na hii."

"Lori ilipita inspekshen."

"Lakini umeona."

"Nimeona. Sijakataa." Mageto alivua miwani. Alieleza, bila ukali, kwamba ripoti ilishafungwa, na ripoti ikifunguliwa inabidi waitwe wote walioitia sahihi, naye akiwa mmoja wao, na wengine wameshapandishwa vyeo. Akasema tena kwamba malori ni machache na majani hayangoji, yakilala kituoni yanageuka mekundu. Halafu akalishika lori kwa mikono miwili, akaligeuza juani, na akamsifu Joram kwa dhati.

"Kazi safi sana. Ni hapa chini tu. Ongeza koti moja."

Akiwa ameshafika kwenye ngazi akageuka na kuuliza kama Joram angeweza kupaka kigari kimoja rangi ya fedha kama ya gari lake, kwani amekuwa akisikia mlio mbele upande wa kulia na hapendi watoto wapande bila kujua. Joram alijibu kwamba atafikiria. Bado anafikiria.

Alijaribu kulitibu. Alikwangua kutu yote, akang'oa paipu, akaweka uzi wa shaba mpya uliotolewa kwenye waya wa stima, akidhani kwamba kama ugonjwa unatoka barabarani kuja kibarazani, huenda dawa nayo ikatoka kibarazani kwenda barabarani. Akapaka makoti yote upya. Asubuhi shaba ilikuwa kahawia na tone lilikuwa mahali pake. Kwa hiyo alielewa kuwa lori lile lilikuwa shahidi tu, na shahidi hatibu mtu.

Kipkurui aliambiwa yote na akaonyeshwa yote.

"Kataa kuiendesha," Joram akamwambia.

"Mzee, nikikataa leo, kesho iko na dereva mwingine. Na huyo hatakuwa anajua."

Joram alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa na mahali pa kukaa, kwa hiyo aliketi nayo.

Siku hizi Kipkurui hupita kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani. Lori la plastiki hukaa dirishani, juu likimeta. Yeye huliinua, hupitisha kidole gumba tumboni mwake. Kidole kikitoka kikavu husema, "Leo iko sawa," na huenda. Kikitoka kimelowa, hukifuta kwenye suruali, hunywa chai anayopewa na Nyathira, kisha huenda vilevile. Lakini siku kama hizo huteremka kwenda mtoni kwa gia ya kwanza tangu juu kabisa. Injini hulia kijiji kizima kikasikia. Wanaochuma chai karibu na barabara wanaujua mlio huo sasa, na waliomo njiani huwashika watoto mkono, hutoka barabarani, huingia ndani ya majani ya chai hadi kiunoni na kusimama humo mpaka lori lipite. Kipkurui huwapungia mkono, nao humpungia.

Joram naye hubaki kibarazani na brashi mkononi, haichovyi. Husikiliza mpaka injini ianze kupanda ng'ambo ya mto. Ndipo huichovya, kidogo tu, huifuta kwenye kitambaa, na huanza kazi.