Maji Chini ya Petroli

Taufiki alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kikombe kilichooshwa mbele ya macho yake alikisuuza tena kabla ya kunywea, na kirikuu chake, kigari cha mizigo ambacho pale kijijini Kanga kilibeba nazi, samaki na mbuzi wa watu, alikiosha kila jioni kwa sabuni mpaka majirani wakawa wanakiita bibi harusi. Sasa mtu wa namna hiyo, Jumamosi asubuhi, kanzu yake imepigwa pasi, anageuza ufunguo na gari linamjibu nye-nye-nye-nye. Stata inazungusha injini, injini haishiki. Akajaribu tena. Nye-nye-nye. Akauachia ufunguo, akasonya.

Na safari yenyewe ilikuwa ya maana. Mama mkwe wake, Bi Mwanasiti, alikwishakaa kiti cha mbele na buibui lake jipya, anakwenda Kilindoni kwa shemeji yake, Mzee Abdulrahmani. Mzee huyo ndiye walii wa kumwoza Fauzia, binti mdogo wa Bi Mwanasiti, kwa kuwa baba wa binti alishatangulia mbele ya haki. Fauzia alikuwa ameposwa na Mfaume, muuza petroli wa pale pale kijijini, na mzee alisema neno moja tu: mama mtu aje mwenyewe, aseme kama ameridhia, naye atajibu siku hiyo hiyo. Bi Mwanasiti alikuwa ameridhia. Halikuwa jambo dogo, maana Mfaume alikuwa mtu wa kuja. Alifika na wavuvi wa dago kutoka pande za Kilwa, wenzake wakavunja kambi wakarudi kwao, yeye akabaki, akafungua kibanda cha petroli ya madumu. Mpaka leo watu walinunua kwake huku wakilikodolea macho dumu lake.

Gari likigoma Kanga, kila mwenye ulimi ni fundi. Taufiki alikuwa hajamaliza kusema "Mama, niwie radhi, shuka kidogo," ili ainue viti afikie injini iliyo chini yake, na uani kumeshajaa. Sadick, jirani yake, alikuja moja kwa moja kutoka kupaa samaki, magamba yamemganda mpaka viwikoni, na bila kuuliza akaitumbukiza mikono yake kwenye nyaya.

"Betri hiyo," akasema.

"Betri ingekuwa imekufa, stata ingezungushwa na babu yako?" Taufiki akamwondoa mkono kwa ncha za vidole viwili, akavifuta vidole kwa kitambaa, kisha akakitupa kitambaa chenyewe.

Mzee mmoja mla tambuu akainama ili aone vizuri, na mate mekundu yakamdondoka juu ya mfuniko wa injini. Mwingine akashauri gari lisukumwe. Mwingine akasema ni jini. Taufiki aliwatazama wote, midomo yao wazi, pumzi zao za mihogo na usingizi, akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa akiwachukia, na hakuona sababu ya kuificha chuki hiyo.

Akavua kanzu, akaitundika mbali na watu. Stata ikizungusha vizuri na gari lisiwake, basi limekosa moja kati ya mawili, moto au mafuta. Akafungua plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma, akamwambia Sadick ageuze ufunguo kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Cheche ya buluu ikaruka. Moto upo. Lakini plagi yenyewe ilikuwa imelowa, na tone lililosimama kwenye ncha yake halikukauka upesi kama likaukavyo tone la petroli. Akatega sikio kwenye tangi. Pampu inavuma. Basi yamebaki mafuta yenyewe.

Hapo ikampasa kufanya jambo analolichukia kuliko yote. Alitia mpira tangini mpaka ukagusa chini, ili aufyonze kwa mdomo. Sadick alijitolea kumsaidia. Taufiki akautazama mdomo wa Sadick, akaona heri uumie wake mwenyewe. Akavuta. Petroli ikamjaa kinywani, akaitema, akatema tena, machozi yakamtoka, na ulimini kukabaki ladha nyingine ya ajabu ambayo hakuitambua na hakutaka kuitambua. Akauelekeza mpira kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaiacha chupa itulie juu ya ngazi ya mlango.

Ilipotulia, kila mtu aliona. Juu petroli, chini maji yenye rangi ya manjano ya uchafu, na kati yake mstari ulionyooka.

"Maji!"

"Hiyo ni kutu ya dumu," akadakia mwingine. "Huyu bwana anatia maji dumuni."

Hakuna aliyeuliza ni bwana gani. Taufiki mwenyewe ndiye aliyepaza sauti zaidi ya wote, maana petroli ilikuwa bado ikimchoma koo. "Tangi lilikuwa kavu! Jana jioni nimejaza kwake! Mwizi mkubwa yule, mwizi asiye na haya, aitwe hapa!"

Bi Mwanasiti akashika kifua. "Na huyo ndiye nakwenda kumpa mwanangu? Ya Rabi toba."

Pazia la mlangoni likatikisika. Fauzia alikuwa nyuma yake, kila neno likimfika.

Mfaume alikuja mbio mbio, akatoa salamu, wakaitikia wachache. Aliitazama chupa, kisha akamtazama Taufiki. "Kaka, jana uliondoka kwangu ukafika nyumbani bila tabu. Yangekuwemo maji, gari lingekuzimikia njiani."

"Yalituama usiku."

Mfaume hakubishana. Aliichukua chupa, akaimwaga petroli ya juu taratibu mpaka yakabaki maji, akatia kidogo kiganjani, akasugua, akapuliza, akanusa. Akanusa mara ya pili. Uso wake ukabadilika. Macho yake yalimwendea Bi Mwanasiti, yakamgusa tu, yakashuka chini. Kisha akampa Taufiki chupa.

"Nusa."

Taufiki akanusa. Chini ya harufu ya petroli kulikuwa na waridi. Na ile ladha iliyomganda ulimini ikapata jina lake hapo hapo. Jana alasiri alikunywa maji hayo hayo kwenye bakuli jeupe. Lilikuwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji na marashi ya waridi, na Bi Mwanasiti ndiye aliyelileta kutoka kwa mwalimu, akapita nalo mbele ya kibanda cha Mfaume, ili kuwakinga na kijicho cha watu. "Wewe kunywa, mwanangu," alimwambia, "na gari nalo litapata fungu lake." Taufiki alidhani atanyunyizia matairi, kama wafanyavyo watu wenye akili zao. Kumbe mama wa watu alikuwa amelinywesha.

Alipoinua uso, kijiji kizima kilikuwa kikimsubiri. Bi Mwanasiti alikuwa ametulia kwenye kiti alichowekewa, mwenye huzuni na usafi wa moyo, hata wazo halijampitia. Mfaume alisogea mpaka sikioni mwa Taufiki.

"Mkwe haanikwi uani," alinong'ona. "Wewe ni mtu wa ndani. Utayasema ndani."

Kisha akawageukia watu, akasema kwa sauti. "Inawezekana dumu langu lilikuwa na maji. Sikulikagua. Nisameheni."

Pazia la mlangoni likatulia kabisa.

Wakamshambulia kwa maneno, na yeye akajilaza chini ya gari akawa anaondoa maji tangini. Mtu wa kuja ni wa kuja tu. Mwanzo wa ngoma ni lele. Sadick, ambaye siku zote alikuwa akipima dagaa wa watu kwa kopo lililobonyea, alisema wizi ni maradhi. Mfaume alikausha tangi, akapuliza mipira, akaleta petroli nyingine safi, akajaza, akapangusa mikono. Taufiki akageuza ufunguo. Gari likawaka, watu wakapiga makofi, na Mfaume alikuwa ameshaondoka.

Barabara ya Kilindoni walikuwa wawili tu ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Ndani zaidi ya hapo hakuna.

"Umeona kombe?" alisema Bi Mwanasiti, na furaha ikaanza kumrudia. "Mwalimu aliniambia, kama adui yupo karibu, litamtoa. Hata siku moja haikupita! Jana usiku nililitia kwa bismillahi tangini, asubuhi mwizi hadharani. Mwanangu Fauzia ameokoka."

Taufiki alicheua. Petroli na waridi. Akameza, ikarudi. Alimtazama mama yule kwa pembe ya jicho, namna alivyojikunja kitini kwa kuridhika kama paka aliyekula, akamwonea kinyaa ambacho hakuwahi kumwonea Sadick na magamba yake yote. Kinyaa hicho hakikudumu, maana kilipata mahali pengine pa kukaa. Nani aliyepiga kelele ya mwizi? Mama alitia maji, lakini alitia kwa mapenzi. Yeye alitia jina la mtu matopeni, na akalijua hilo akiwa bado ameshika chupa mkononi, akanyamaza. Akisema sasa, mkwe ataaibika, na kesho kijiji kitauliza ni mwanamume gani huyu anayeita watu wezi kwa kombe la mkwewe. Watamcheka mpaka azikwe.

"Mama," akaanza.

"Eh, mwanangu?"

Akaona uso wake ulivyokunjuka kumsikiliza.

"Shikilia vizuri. Mbele pana shimo."

Halikuwepo shimo. Bi Mwanasiti alishikilia, akaomba dua, akaendelea kulisifu kombe mpaka wakaingia Kilindoni.

Mzee Abdulrahmani aliwapokea barazani. Taufiki akampa shikamoo, akajibiwa marahaba, wakaletewa maji ya kunywa ambayo Taufiki hakuweza kuyagusa. Bi Mwanasiti alieleza yote, kwa mpangilio mzuri, bila kuongeza chumvi, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana alikuwa akisema kweli yake. Habari za kombe hakuzitaja. Mzee hakuwa akipenda mambo ya walimu wa vijijini, na Bi Mwanasiti alimstahi. Mzee alisikiliza akikuna ndevu. Bi Mwanasiti alipomaliza, mzee akamgeukia Taufiki.

"Wewe ndiye uliyeyavuta maji hayo kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi sikuwepo. Neno lako ndilo nitakalolishika. Yalikuwemo?"

"Yalikuwemo, baba."

Hakudanganya hata herufi moja. Na katika maisha yake yote ya kusuuza vikombe, hakuwahi kutoa kinywani mwake kitu kichafu kama hicho. Alingoja kidogo aone kama mzee atauliza yalitoka wapi. La kuvunda halina ubani. Mzee hakuuliza.

"Basi imekwisha," akasema Mzee Abdulrahmani. "Posa irudi kwa mwenyewe. Una gari, utampelekea wewe. Na umrudishie kwa heshima, tusije tukaonekana sisi ndio wabaya."

Waliporudi Kanga, Fauzia alimletea leso iliyofungwa, posa ikiwa ndani yake vile vile kama ilivyoletwa. Hakumtazama shemeji yake usoni. Alimkabidhi, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo, na Bi Mwanasiti akasema mwache, atalia, atanyamaza, siku moja atalishukuru kombe.

Mfaume alikuwa kibandani peke yake. Madumu yalikuwa yamepangwa kama asubuhi, hakuna lililopungua. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo, akawaona wawili wale, akaongeza tena akaenda zake. Mfaume aliiona leso mkononi mwa Taufiki kabla hajashuka garini.

"Uliyasema ndani?" aliuliza.

Taufiki alitaka kumwambia barabara ilikuwa mbaya, mama alikuwa na furaha, mzee hakuuliza. Yote yalimfika mdomoni yakinuka.

"Bado," akasema.

Mfaume alitikisa kichwa polepole. Akafuta mikono yake kwenye msuli aliojifunga, mbele na nyuma, mpaka ikakauka. Kisha akainyoosha yote miwili, akaipokea leso kama ada inavyotaka, na akamshukuru kwa kumletea.