Mkwe Mlangoni

Tangu asubuhi Lindsay Japaljarri alikuwa akiomba suruali. Ile yake walimnyang'anya siku alipoletwa, kwa kuwa ilikuwa na kamba kiunoni, na mtu aliyejipasua kichwa haaminiwi kuachiwa kamba. Badala yake wakampa gauni la hospitali, lile linalofungwa shingoni na kuacha mgongo na makalio yakipigwa na baridi ya kiyoyozi. Mtu mzima, mwenye wajukuu, alikaa ukingoni mwa kitanda kilichofungwa sakafuni kwa nati, mkono mmoja nyuma, akilishikilia gauni lisifunuke.

"Suruali inakuja," alisema Janine, nesi wa zamu. Ndivyo alivyosema pia wakati wa chai.

Juu ya kipaji cha Lindsay palikuwa na mshono. Jumapili kaka yake alikufa, figo zilimshinda, na Lindsay akachukua jiwe akajipiga kichwa mpaka damu ikamwagika, kama baba yake alivyofanya kwa ndugu zake, kama mwanamume yeyote wa kwao, wenyeji wa asili wa jangwa, anavyofanya asije akaonekana kuwa hana uchungu. Polisi waliokuwa wakipita kando ya mto mkavu waliona damu, wakaona mtu mweusi, wakaona kazi imepatikana, wakamleta kwenye wodi ya vichaa. Hawakuuliza kwa nini kambi nzima ilikuwa ikilia.

Mazishi yalikuwa Ijumaa, huko kwao, mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Leo ilikuwa Jumatano. Lindsay ndiye ndugu pekee wa marehemu aliyebaki. Asipoonekana kaburini watu wataulizana alikuwa anaficha nini, na swali hilo litamfuata yeye na wanawe maisha yao yote. Kwa hiyo alikuwa tayari kumjibu daktari yeyote swali lolote, mradi wamfungulie mlango.

Daktari mwenyewe aliitwa Croome. Aliishi pwani, akija mara moja kwa mwezi kwa ndege kuwaangalia vichaa wa jangwani, na kila alipoondoka idadi yao ilikuwa imeongezeka. Kazi yake ilikuwa kuyapa maradhi majina. Wenzake, watu wa vyuo vikuu, walikwisha kukaa vikao wakapanga kila aina ya huzuni ya binadamu na kuipa namba yake, kama bidhaa za dukani. Ukilia kupita kiasi una namba yako. Usipolia unayo nyingine. Aliyefiwa walimpangia na muda wa kuomboleza, na akiuzidisha anakuwa mgonjwa. Croome aliijua orodha hiyo kwa moyo na hakuona ndani yake jambo la kuchekesha.

"Lindsay, rafiki yangu," alianza, "kaka yako aliyefariki anaitwa nani?"

Lindsay alitazama sakafu. Jina la maiti halitamkwi. Hata watoto wadogo wanalijua hilo. "Hana jina sasa."

"Umelisahau?"

"Sijalisahau, bosi. Silisemi tu."

"Nani amekukataza?"

"Watu wote."

"Hao watu, unawasikia sasa hivi?"

Lindsay akainua macho kumtazama, aone kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Croome alikuwa ameinama anaandika, mdomo umebinuka kidogo kwa utamu wa kazi.

Kiingereza cha Lindsay kilikuwa cha kununulia mkate na kushangilia mpira, na Croome alijihesabu kuwa mtu wa haki. "Tusimhukumu mtu kwa lugha isiyo yake," alimwambia Janine. "Nitafutie mkalimani." Alilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, mke wa Lindsay alisikia. Coral Nakamarra alikuwa hapo tangu alfajiri, nywele amezinyoa kwa msiba. Akasimama. "Mimi nitatafsiri. Kiingereza nimesomea, na huyo ni mume wangu."

"Ndugu hawaruhusiwi, mama," alisema Janine. "Ndiyo kanuni. Ndugu huegemea upande."

"Sasa mgeni ataegemea wapi? Ukutani?"

"Kaa chini, Coral."

Ofisi ya wakalimani iliulizwa kama ina mtu wa lugha ile. Ikajibu inaye. Mgonjwa ni nani, wa ukoo gani, nani ni nani wake, hilo halikuwamo katika maswali, na ofisi haikulipwa kwa kujibu yasiyoulizwa. Baada ya chakula cha mchana mkalimani akaingia, beji kifuani, mkoba begani, anahema kwa sababu ya kupanda ngazi.

Alikuwa Dulcie Napanangka, mdogo wake mama yake Coral, tumbo moja.

Mkwe. Na kwa watu hawa mkwe wa kike hatazamwi, hasemeshwi, jina lake halitajwi, hata kivuli cha mti hamkikalii pamoja. Tangu Lindsay alipomwoa Coral, Dulcie akiingia dukani kwa mlango wa mbele Lindsay hutokea wa nyuma. Gari likijaa, mmoja wao hushuka akatembea kwa miguu. Walikuwa wamelea watoto wale wale na kula nyama ya mawindo yale yale bila kutupiana neno, na kila mmoja alijua anavyoheshimiwa na mwenzake. Hakuna aliyewahi kukosea.

Na sasa huyu hapa, mlangoni, na Lindsay hana suruali.

Akimpa uso, ni haramu. Akimpa mgongo, gauni liko wazi. Lindsay aliruka juu ya kitanda, akajibanza kwenye pembe ya ukuta, akavuta shuka mpaka juu ya kichwa. Alitamani ukuta ummeze. Huko mlangoni Dulcie alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga moto, akajifunika uso kwa mtandio, akarudi kinyumenyume mpaka akagonga benchi la ukumbini.

"Ajabu," alisema Croome, akaandika.

Alitoka akamkuta Dulcie ameelekea ukuta. "Umemwogopa? Amewahi kukupiga?"

"Kunipiga? Huyo?" Dulcie aliuambia ukuta. "Huyo ni mkwe wangu, daktari. Mngeniambia ni nani nisingepanda ngazi hizo. Mwite Jakamarra, shemeji yake, hao wawili hutaniana kutwa nzima. Au mwache Coral aseme."

"Lakini wewe uko kazini. Hapa ndani hakuna mkwe. Kuna mgonjwa na mtaalamu."

Coral akacheka, cheko baya. "Daktari, wewe mama mkwe wako yupo?"

"Yupo."

"Kesho mwite hapa, uvae hilo gauni umfunulie makalio, halafu umweleze anayoyaota mume wa binti yake. Ukimaliza tuambie kama hukuona mkwe."

"Familia nzima ina hasira," Croome alimnong'oneza Janine. "Nimeliandika hilo pia."

Mkalimani mwingine angepatikana Jumanne. Croome alikuwa anaondoka kesho. Mtu asiyepimwa haruhusiwi kutoka, na aliyekataa kupimwa huhesabiwa amepimwa akashindwa. Janine aliyaeleza hayo polepole, kwa upole, kana kwamba yaliteremka kutoka mbinguni.

Dulcie aliwaza kaburi lililokuwa linachimbwa. Akamwaza binti ya dada yake. Mwishowe akakaa chini ukumbini, mgongo umeegemea mlango, mtandio mpaka kidevuni, akasema wamletee hilo swali moja, alitupe ukutani, wenyewe waokote jibu.

"Muulize kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii," alisema Croome, aliyekuwa ndani ya chumba pamoja na Janine.

Akalisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeiba. Lakini ilipita chini ya mlango ikamfikia Lindsay: sauti ya mkwe wake, ambayo hakuwahi kusemeshwa nayo tangu aoe, inamuuliza habari za kichwa chake. Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Akaanza kujitikisa mbele na nyuma.

"Mwambie anyamaze," alisema chini ya shuka, kwa Kiingereza chake cha dukani. "Bosi, tafadhali, sauti hiyo mbaya. Itoe. Aibu itaniua."

Croome alimtazama Janine kwa macho ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake amejibu vizuri. "Sauti. Aibu ya kufisha. Kujificha, kujitikisa, kukataa uso wa mtu." Aliyahesabu kwa vidole. "Vigezo vimetimia. Na zaidi."

"Lakini sauti ni ya Dulcie," alisema Janine. "Umemweka hapo wewe."

"Aliyoisikia ni ya Dulcie. Namna alivyoisikia ndiyo ugonjwa."

Janine akashika faili na kalamu. Alikuwa na mkataba wa kazi wa kulinda.

Jioni ile ile iliamuliwa. Lindsay atapelekwa mji mkuu, kwenye wodi yenye kufuli, kwa muda wa kutosha kumchunguza vizuri. Ndege ndogo ya wagonjwa ilikuwapo, itaruka kabla jua halijazama. Coral aliposema kwamba keshokutwa wanazika, Croome alimwekea mkono begani na kumwambia kwamba marehemu angependa ndugu yake apate matibabu. Coral aliuondoa ule mkono kama anayeondoa mdudu.

"Na tumezingatia mila zenu," aliongeza Croome. "Hatasafiri peke yake kati ya wageni. Dulcie atakaa naye."

Janine ndiye aliyetumwa kumpa habari hizo. Lindsay alimsikiliza bila kutoa kichwa nje ya shuka.

"Akae wapi?" aliuliza.

"Mbele yako. Viti vinatazamana. Ni karibu, magoti hugusana kidogo. Ukiogopa atakushika mkono."

Janine akageuka kuondoka.

"Mikono yangu mtaifunga?"

"Ni sheria ya ndege, Lindsay. Mikono na kifua."

Basi hataweza kugeuka, hataweza kujifunika, hataweza kushuka atembee kwa miguu. Hakuwa mtu wa dawa. Alimwona kaka yake akichomwa sindano za mashine ya figo mpaka mikono ikaharibika. Kisha akautoa mkono wake nje ya shuka, mkono tu, akaunyoosha juu ya godoro.

"Nichome ya usingizi," alisema. "Ile kubwa. Nisiamke mpaka yeye ashuke."

Croome alifurahi kweli. Alikuja mwenyewe kusimamia, akaushika ule mkono, akaupapasa kutafuta mshipa. "Hii ndiyo hatua ya kwanza," alimwambia Coral mlangoni. "Mgonjwa ameanza kutambua kwamba anaumwa. Leo mume wako ameisaidia nafsi yake."

"Mume wangu ana adabu," alisema Coral. "Adabu hiyo ndiyo mliyomchomea sindano."

Croome alitikisa kichwa kwa huruma, akatoka. Ukumbini Dulcie alikuwa bado amekaa chini, uso umeelekea ukuta, blanketi la hospitali juu ya kichwa. Aliitwa jina lake, hakujibu. Aliitwa tena. Alikuwa akisubiri kuambiwa kwamba mkwe wake amelala, na kabla ya hapo hakukusudia kugeuka hata kwa bunduki.

Croome alimsimamia kitambo. Halafu akavuta kiti, akakaa karibu naye, akafungua ukurasa mpya.

"Janine," aliuliza kwa sauti ya chini, "huyu naye amekuwa hivi tangu lini?"

Mlango ulikuwa umeachwa wazi, na ndani Lindsay alikuwa anakoroma.