Kadi ya Shati la Baba Mdogo

Katika makumbusho yetu ya vita, hakuna kadi ya maelezo inayobandikwa kabla mtu wa upande wa pili hajaisoma kwa sauti. Akikwama kwenye neno, tunaandika upya. Sheria hiyo aliitunga shangazi yangu, msimamizi, mwanamke mkali kuliko pilipili. Neno "adui" akiliona huichana kadi papo hapo. Mimi ndiye mchapaji, kwa hiyo nimekula za uso mara nyingi.

Msomaji wetu ni askari mstaafu wa ng'ambo; tunamwita Jirani. Kila Jumanne huvuka mpaka, miwani imefungwa uzi. Miaka sita wamebishana, yeye na shangazi, na sijaona watu wanaoheshimiana kama hao.

Jumanne iliyopita ilikuwa zamu ya shati la baba mdogo, kitinda mimba wa kina shangazi na baba. Shangazi amelitunza sandukuni miaka arobaini, na tundu lake chini ya mfuko. Kadi aliiandika mwenyewe: "Aliuawa na adui, kando ya mto."

"Shangazi, hili neno..."

"Chapa."

"Lakini sheria yako..."

"Nimesema chapa! Jirani akilikataa, narudi na shati langu nyumbani."

Husemwa mkubwa ni jalala. Siku hiyo jalala lilikuwa mimi. Nikachapa.

Jirani akaisoma kadi bila kukwama popote. Akachukua kalamu, akatia sahihi.

"Umeliona hilo neno?" shangazi akamuuliza, kama anayetafuta ugomvi.

"Nimeliona, dada. Kwake nilikuwa adui, nitakataaje? Nilikuwa kwenye mto huohuo." Akavua miwani. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

Shangazi akakaa kwenye stuli yangu. Nilimwonea huruma.

"Na yeye kumi na tisa," akasema.

Akaichana kadi, sahihi na yote, akanitajia nyingine niichape: "Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliyempiga risasi hatumjui. Huenda walikuwa rika moja."

Jirani akaisoma, akaitikia kwa kichwa tu. Ndipo shangazi akalitoa shati sandukuni, shati ambalo hata baba yangu hajawahi kuruhusiwa kulishika, akamwekea Jirani mikononi.

"Litundike wewe," akamwambia. "Mimi natetemeka."