Bitana ya Shavu

Kijiko kiligonga kikombe gizani, mara tatu, kikanyamaza. Jikoni mumewe alikuwa anakoroga maji ya chumvi ya kuoshea kinywa, kama alivyofanya kila alfajiri kwa siku tisa.

Fundi cherehani alilala macho wazi. Ulimi wake ulitaka kwenda kushoto, kule ulikokatazwa.

Huko, ndani ya shavu, daktari alikuwa amekata uvimbe mbaya, kisha akaziba pengo kwa kipande cha ngozi ya ng'ombe, iliyosafishwa mpaka haikubaki na uhai wowote. "Ichukulie kama bitana ya ndani ya koti," alimwambia. "Nyama yako ikiikubali, itaota juu yake. Ikiikataa, tutachuna ngozi pajani kwako tuanze upya. Siku kumi usiongee, na mdomoni kisiingie kitu kigumu."

Shemeji yake alikuja kumjulia hali, akacheka peke yake: "Shemeji, ukianza kutamani majani utuambie mapema!"

Jana, akiwa anapinda sketi ya mteja, Fundi aliweka pini midomoni. Nne, kama alivyoziweka kwa miaka kumi na miwili, bila kufikiri. Alipozitema kiganjani, tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa na damu nchani. Na hakuhisi chochote, hata kiasi cha kuumwa na sisimizi. Hicho ndicho kilichomtisha. Hakumwonyesha mtu.

"Mama Chiriku, amka tuwahi foleni." Mumewe alimsogezea kikombe. "Mbona umekunja uso? Inauma?"

Akatikisa kichwa.

"Basi leo nyuzi zinatoka, uanze kunigombeza tena. Masikio yameshaota kutu."

Akajaribu kutabasamu kwa upande mmoja.

Hospitalini, mumewe na binti yao walibaki kwenye benchi la nje. Ndani, daktari aliingiza kioo kidogo, akawasha taa, akanyamaza. Fundi aliujua ukimya ule. Ndio wake mwenyewe, anapoletewa gauni lililoharibiwa na mtu mwingine na mwenye nguo amesimama pembeni.

"Kuna kitundu hapa kwenye bitana. Umekula nini?"

Alivuta daftari lake. Herufi zilipanda na kushuka. *Pini. Niliweka mdomoni. Mazoea. Nisamehe.*

"Fundi wewe!" Daktari alivua miwani. "Ilitoa damu?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Nyeusi, au nyekundu?"

Fundi alitazama huku na huku, kisha akanyoosha kidole kwenye ukosi wa blauzi yake, uliodariziwa kwa uzi mwekundu mbichi.

Daktari alishusha pumzi, akarudisha kioo na kuangalia tena, taratibu. "Ile ngozi niliyokushonea haikuwa na tone la damu. Kwa hiyo damu hiyo ni yako. Mishipa yako imeanza kuingia."

Machozi yalimtoka kabla hajaruhusiwa kufunga mdomo.

"Usishangilie bado. Kona ya nyuma imepauka, na siipendi. Nyuzi za huko naziacha. Uje Ijumaa ndipo nitajua."

Aliandika: *Kona kubwa kiasi gani?*

Daktari alimwonyesha ukucha wa kidole chake cha mwisho. Fundi aliutazama ukucha ule kwa muda. Alishawahi kuona mshono mzima ukifumuka kwa kuanzia padogo kuliko hapo.

"Maneno machache, ruksa. Pole pole. Na pini tafuta mto wa kuzichomekea."

Nje, mumewe alisimama kabla mlango haujafunguka vizuri. "Vipi?"

Fundi alifungua mdomo. Ulifunguka kidogo tu.

"Twende nyumbani," alisema. Sauti ilitoka nzito, ikakwama shavuni kama kitambaa kilichojikunja chini ya mguu wa cherehani.

Mumewe aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta kofia. Binti yao alishika sketi ya mama yake kwa mikono miwili na kumtazama mdomoni.

"Mama, nimesikia nusu, sema tena."