Bwana Afya na Tangi la Beta

Mtaa mzima ulimwita Bwana Afya, kwa adabu akiwapo na kwa kejeli akishapinda kona. Kazi yake ilikuwa kukagua majiko ya mikahawa. Aliingia mikono nyuma, pua mbele, akapitisha kidole juu ya rafu, na kidole kikitoka na vumbi, alichomoa mkobani karatasi nyekundu yenye gundi akaibandika mlangoni: PAMEFUNGWA KWA SABABU ZA KIAFYA. Haikubanduliwa ila na aliyeibandika. Mwenye mkahawa akiuliza atafungua lini, jibu lilikuwa moja tu: "Utajulishwa."

Nyumbani alikuwa na binti wa miaka tisa, na binti alikuwa na samaki, beta mmoja mwekundu aliyeishi peke yake kwenye tangi dogo la kioo kwa kuwa hakupatana na samaki mwenzake. Shule ilipowapeleka watoto kambini siku nne, binti ilimbidi amwachie baba huyo samaki, maana mama alikuwa safari ya kikazi na bibi mzaa mama, aliyeishi nao, haoni vizuri. Roho haikumtulia. Mwaka uliopita baba alisafisha chumba cha binti, akatupa kijiti chenye buu lililokaribia kuwa kipepeo, akidhani ni takataka.

"Siku ya tatu, badilisha maji theluthi moja tu," alimwagiza, begi mgongoni. "Maji mapya nimeyaacha kwenye ndoo ya bluu yatulie. Sponji ya kichujio usiitie sabuni. Baba, ukimuua huyu, sitakuachia tena kitu changu."

Bwana Afya alicheka. Kufundishwa usafi, yeye!

Siku ya tatu alikunja mikono ya shati, akachungulia tangi, akachefukwa. Kioo kilikuwa na utelezi wa kijani, na sponji ya kichujio imejaa tope. Theluthi moja? Tangu lini mtu akaoga theluthi? Akamteka beta kwa bakuli na kumwaga maji yote kwenye ndoo ya deki. Kokoto akazichemsha, kioo akakisugua kwa sabuni ya ndimu, sponji akaifikicha nayo mpaka ikarudi nyeupe. Ilipofika zamu ya ndoo ya bluu, alikunja uso. Maji yaliyotuama siku tatu ni mazalia ya mbu, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Akayamwaga, akajaza tangi maji ya bomba yanayonuka dawa, harufu aliyoipenda kuliko manukato, akamrudisha beta.

Mama mkwe wake alikuja kuomba yale maji machafu akanyweshee maua yake ya barazani. Alihubiriwa habari za vijidudu mpaka akachoka, akajitia kiziwi, akaibeba ile ndoo ya deki.

Nusu saa baadaye beta alilala ubavu, akihema. Bwana Afya alimpigia simu muuza samaki na kumweleza kila hatua, kwa fahari kidogo. Muuza samaki alikuwa na swali moja tu.

"Mzee, dawa ya bomba inamuua. Yale maji ya zamani bado yapo?"

Alikimbilia barazani pekupeku, beta akiwa bakulini. Nusu ya ndoo ilikuwa imeshaingia kwenye maua. Akamtumbukiza samaki kwenye nusu iliyobaki, akachuchumaa hapo na kijasho chembamba, akiyaomba maji machafu yamsitiri. Mama mkwe alimtazama, kopo mkononi.

"Vijidudu havitamdhuru, baba?" aliuliza kwa upole wa kuudhi.

Jioni beta alisimama wima. Binti aliporudi kesho yake, Bwana Afya alikuwa ameshapanga uongo wake: alimhamishia ndooni ili apate nafasi ya kujinyoosha. Binti hakubishana. Aliitoa sponji tangini, akainusa. Ndimu. Baba alikuwa amejiandaa kwa kilio, na kilio hakikuja. Binti na bibi yake walishika ndoo huku na huku, wakaingia nayo chumbani kwa bibi.

Baadaye alikwenda kuangalia, mikono nyuma kama kawaida. Mlangoni, upogo, usawa wa tumbo lake, ilibandikwa karatasi nyekundu kutoka mkobani mwake. Alinyoosha mkono aibandue, kisha akaurudisha. Ilimuuma kuliko alivyotarajia.

"Mama," alimwita binti yake kupitia mlango, sauti imemshuka, "nitaruhusiwa lini kumwona?"

"Utajulishwa," alijibiwa.

Akabaki amesimama pale. Hakuna aliyejua kuliko yeye jibu hilo huchukua muda gani.