Amina ya Mzee Bucha

Kinyozi wa kawaida ana ndimi mbili, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba. Huyu wetu, hata huo mmoja aliopewa ulikuwa umeingia kutu. Wateja walimwita Kimya, na walimpenda kwa sababu hiyohiyo. Ukikaa kwenye kiti chake hupewi habari za mpira, huulizwi utaoa lini, hutabiriwi mvua. Unasikia mashine inanguruma sikioni, unasinzia, unaamka una kichwa kipya.

Lakini Jumapili! Jumapili Kimya alikuwa mtu mwingine kabisa. Kanisani kwao, Anglikana, sala zikianza tu ulimi wake uliteleza kama umepakwa mafuta. Ungamo, litania, kolekti, ile sala fupi ya siku, zote alikuwa nazo moyoni, na wala hakuzisema kikasuku. Alizisema polepole, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba aliyozaliwa, ambaye haangalii chini kwa sababu mguu wenyewe unajua kila kidato kilipo. Waliokaa karibu naye walijikuta wanapunguza mwendo ili wafike naye pamoja.

Basi, katika yote ambayo ulimi unaweza kumfaa binadamu, Kimya alihitaji jambo moja tu: kumwambia Mzee Bucha kwamba anataka kumuoa binti yake.

Binti mwenyewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mtu aliyezoea kuchoma sindano huku anacheka. Yeye na Kimya walishapendana zamani. Maongezi yao yalikwenda hivi: binti anasema, Kimya anatabasamu, binti anajibu kwa niaba ya Kimya, kisha anaanza kumbishia. Raha tupu. Ila hata subira hufika mahali ikavua viatu na kukaa chini.

"Sikiliza," binti alimwambia Jumatatu, akiwa bado na sare ya kazi. "Mimi nikimwambia Baba, atauliza, 'Kwani yeye hana mdomo?' Na atakuwa na haki. Kwa hiyo utamwambia wewe, kwa kinywa chako. Mwisho Jumamosi."

Kimya akafungua kinywa.

"Ndiyo, Jumamosi hii hii," binti akamjibu.

Kimya akakifunga.

"Na ikipita usinitafute. Nimechoka kufichwa kabatini kama dawa iliyokwisha muda."

Jumanne Kimya akajikaza kisabuni akaenda buchani. Mzee Bucha alikuwa pande la mtu, mwenye mikono minene kama mapaja ya mtu mwingine. Kanisani ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote; Amina yake ilitikisa vioo vya madirisha, na mara nyingi ilitoka kabla sala yenyewe haijafika mwisho. Siku hiyo alikuwa amevimba kwa hasira, maana alfajiri kondoo wake alikuwa amekata kamba uani na kutokomea kusikojulikana.

Habari hiyo Kimya hakuwa nayo.

"Sema kijana, nikukatie wapi?" Mzee akauliza, shoka mkononi.

Maneno yote ambayo Kimya aliyapanga njia nzima yakatimua mbio. Kichwa kikabaki kitupu, na kichwa chake kikiwa kitupu hujaa kitu kimoja tu. Akafumba macho, likatoka Ungamo:

"Nimekosa, nimepotoka kama kondoo aliyepotea..."

Shoka likasimama hewani. "Kondoo?"

"...nimeyafanya nisiyopaswa kuyafanya..."

"Kondoo *wangu*?"

"...wala hamna uzima ndani yangu."

"Na hautakuwamo kweli, nikikukamata!"

Kimya alifumbua macho akaona meza haina mtu nyuma yake. Hakungoja kujua mtu mwenyewe yuko upande gani. Waliomwona akipita wanasema siku hiyo miguu yake iliongea kuliko kinywa chake kilivyoongea tangu azaliwe.

Jioni alimsimulia shangazi yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu utotoni. Kwa kuwa alisimulia kwa maneno machache, Shangazi alilazimika kuchomoa mengine kama mtu anayeng'oa misumari. Alipopata picha kamili alicheka mpaka akajishikiza kwenye cherehani.

"Yaani umemwendea baba mkwe na Ungamo? Mwanangu, Ungamo ni la kumpelekea Mungu. Ukimpelekea muuza nyama utapimwa kwenye mizani!"

"Maneno yalikataa, Shangazi."

"Yako yalikataa. Ndiyo maana yapo ya kuazima." Akang'ata uzi, akaacha kucheka. "Unadhani wale wa kale walizipanga sala zile kwa ajili ya wasemaji? Msemaji ana shida gani? Mimi siku namzika mume wangu nilisimama pale sina neno hata la kutupia ndege. Sala ikaja ikanishika kwapa, kama mtu, ikanitembeza taratibu mpaka mwisho. Sikuitunga mimi, lakini siku ile ilikuwa yangu." Akavuta kitambaa kingine. "Sasa, wewe unahitaji kolekti."

"Kolekti?"

"Kolekti ni shati. Kwanza kola: unamwita mwenyewe. Halafu mabega: unataja alilolitenda, la kweli, siyo kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Halafu kifua: unaomba. Kitu kimoja! Usianze kuomba binti ukamalizia na friji. Halafu mikono: unasema ili iweje. Kifungo cha mwisho, Amina. Ukishakifunga, nyamaza. Kunyamaza si unajua?"

"Kunyamaza najua."

Siku zilizofuata Kimya alishona mashati ya maneno kila alipopita. Aliliambia birika, "Ewe birika, uliyetuchemshia bila kuchoka, utujalie maji ya moto, ili tusichelewe kazini, Amina." Alimwambia mbwa wa jirani, "Ewe mlinzi, ambaye hulali hata ulinde kitu kisichoibika, unipishe njia, ili suruali yangu ifike nzima." Mbwa akampisha. Alhamisi alijaribu kwa binadamu: "Ewe mteja, uliyejaliwa kisogo kirefu, inamisha kichwa, ili sikio lako libaki nawe."

"Amina," mteja akajibu, akainamisha.

Kimya hakulitia maanani jambo hilo. Alipaswa.

Huku nyuma Mzee Bucha alishatangaza mtaa mzima kwamba kinyozi amemla kondoo. Ijumaa binti akaja saluni mbio. "Baba anasema umemla mzima na ngozi yake! Nimemwambia haiwezekani, wewe hata kuku huwa unambakiza. Kesho anakuja kunyoa. Kesho, unasikia?"

Jumamosi Mzee Bucha alikuja kweli. Alikuja kwa mambo mawili, kunyolewa ndevu na kupata ukweli, na alianza na ndevu kwa sababu ugomvi hauna haraka lakini ibada ya kesho inataka kidevu safi. Akajitupa kitini, kiti kikalalamika. Benchi la wanaosubiri lilijaa watu wa kanisani, akiwemo mpiga kinanda. Binti akasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Ninyoe," Mzee akasema. "Ukimaliza utaniambia kondoo yuko wapi."

Kimya akamfunga shuka. Akampaka povu. Akamnyoa shavu la kulia, akafika kidevuni, akaona kwenye kioo macho ya binti. Akauweka wembe mezani, akavuta pumzi, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya Jumapili:

"Ewe Mzee Bucha..."

Kwenye benchi kofia zikavuliwa. Mtu akazima redio. Mzee mwenyewe akafumba macho, na chini ya shuka mikono yake ikatafutana ikashikana.

"...wewe uliyebaki na mtoto mchanga mama yake alipofariki, ukajifunza kusuka nywele kwa mikono iliyozoea shoka, ukamvusha salama hadi leo anavusha watoto wa wengine. Nakuomba, uniruhusu mimi nisiye na maneno nimuoe binti yako. Ili mezani pako asipungue mtu, bali aongezeke mmoja, tena asiye na kelele..."

"AMINA!"

Benchi zima lilisema, lakini Mzee Bucha aliwatangulia wote, na alitangulia hata mwenye sala. Povu likaruka likanasa kwenye kioo.

"Baba!" binti akapiga kelele. "Umekubali!"

"Nimekubali nini?"

"Niolewe na Kimya! Umesema Amina!"

"Nimesema kwa sababu palikuwa pamefika pa kusema Amina!"

"Sisi mashahidi," mpiga kinanda akadakia.

"Hata nyinyi mmesema!"

"Sisi hatuna binti, Mzee."

Mzee akageuka, upande mmoja wa uso una ndevu na povu, upande mwingine unang'aa kama kikombe. "Haihesabiki hiyo! Sikuwa nasikiliza!"

"Husikilizi?"

Aliyeuliza alikuwa Shangazi. Alikuwa amesimama barazani, anatweta, anavuta kamba, na mwisho wa kamba alikuwa kondoo.

"Kila Jumapili unatutikisia vioo, Mzee wangu, kumbe husikilizi? Haya, mchukue mwenzio. Nimemkuta kanisani nilipopeleka vitambaa vya madhabahu. Amekula maua yote na pindo la pazia. Yeye angalau alikuwa kimya."

"Meee," kondoo akasema.

Mzee Bucha akamtazama kondoo, akamtazama Kimya, akajitazama kwenye kioo chenye povu.

"Sema tena," akasema hatimaye. "Polepole. Safari hii nasikiliza."

Mtu mwingine angeshindwa, kwa maana maneno ya kubahatisha hayarudi ukiyaita. Lakini sala iliyoshonwa vizuri utaikuta palepale ulipoiacha. Kimya akaanza kolani, neno kwa neno. Alipofika kwenye kusuka nywele, mikono ya Mzee ikatoka chini ya shuka ikalala magotini, na mwenyewe akaiangalia kana kwamba ameletewa sasa hivi. Kimya akamaliza, akafunga kifungo, akanyamaza.

Mzee hakuitikia.

"Meee."

"Wewe subiri, siyo zamu yako." Akamgeukia binti. "Zile nywele... hazikuwa zinanyooka hata mstari mmoja, eti?"

"Zilikuwa mbaya, Baba. Shule nzima walinicheka."

"Na hukuniambia."

"Nilizipenda."

Mzee akapangusa jicho, akajipaka povu zaidi. Kisha akasema Amina. Aliisema ndogo sana, benchi likalazimika kuinama ili kuipata, na kioo hakikutikisika hata kidogo.

"Haya," akasema, akijiegemeza tena. "Malizia upande wa pili, mwanangu. Na usiongee. Leo umeongea mno."

Jumapili, kolekti ilipokwisha, kanisa zima likaitikia na kutulia. Mpiga kinanda akainua vidole aanze wimbo. Ndipo Amina ya Mzee Bucha ikaja, imechelewa, peke yake, kama mtu aliyekuwa anafikiria kwanza, nayo ikavitikisa vioo vyote. Mpiga kinanda akaruka, akaangukia noti zisizo za wimbo wowote, na watu wakaziimba hivyohivyo.